Mwiba wa Sagana

Jumapili, 29 Juni

Lynn amepiga simu kutoka Doha. Tunaenda Lamu! Mimi na baba yake, Theuri, siku tano, kuanzia tarehe 6 Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Tikiti za ndege tayari. Ni zawadi ya miaka thelathini ya ndoa, anasema, na yeye likizo hapati mpaka mwaka ujao. Nililia kidogo. Theuri alisema ndege ni ya watu wenye haraka, na sisi hatuna haraka ya kwenda popote. Kisha akatoka kwenda kuangalia kahawa kwenye manyunyu. Kahawa gani inaangaliwa Jumapili, tena kwa baridi hii? Alienda kufurahi peke yake. Namjua.

Shida ni moja, chakula. "Mum, Lamu ni fish, fish, fish. Please msiniaibishe muanze kuitisha chips mayai kama ile time ya Mombasa." Ananitafutia mahali pa kula, kila siku na pake. Theuri hajala samaki maisha yake yote. Marehemu mama yake alimwita samaki nyoka wa maji, na yule mama hakuwa mtu wa kubishiwa. Mimi nimekula mara mbili, zote kwa kuwaonea aibu wenyeji.

Alhamisi, 3 Julai

Orodha ya Lynn imefika. Ndefu! Siku ya kwanza mchana, ghorofani mbele ya bahari, samaki wa kupaka mzima na juisi ya ukwaju. Jioni, kwa mama mmoja anayepikia wageni nyumbani kwake, kichochoroni, wali wa nazi na kaa. Kesho yake hoteli inayoelea juu ya maji — ati inaelea! — kamba na pweza. Na kuendelea hivyo mpaka Jumapili. Kando ya kila mahali ameandika "lazima", kama vile mimi huwaandikia watoto wa gredi ya nne.

Nilimsomea Theuri akinywa chai. Yeye huinywa ikitoka jikoni, bado inachemka, mimi hata kikombe siwezi kukishika.

"Mama Lynn, hiyo pweza iko na miguu ngapi?"

Nane.

"Basi hiyo ni mdudu."

Tulicheka mpaka akakohoa. Githeri, mahindi na maharage, aliacha nusu sahani. Meno, anasema.

Jumamosi, 5 Julai

Siku mbaya. Niandike yote.

Wazo lilikuwa la Keziah, tunafundisha naye, kwao ni Busia karibu na ziwa. Alisema hatuwezi kwenda Lamu bila mock, mtihani wa majaribio. Mock yenyewe ifanywe Sagana, kule hotelini wanakokaanga samaki wa bwawa, na yeye ndiye msimamizi wa mtihani. Tukaenda watatu. Tilapia nzima ikaletwa, na macho yake. Theuri aliomba sala ndefu kuliko ya Krismasi.

Keziah alimwonyesha mahali pa kuanzia, mgongoni, na jinsi ya kuvua nyama kwa vidole. Akala kidogo. Akaniangalia. "Si mbaya," akasema — Theuri! Nilijiona mshindi. Tonge la tatu likakwama.

Hakupiga kelele. Macho yakajaa machozi, mkono kifuani. Keziah akasema ni mwiba, chukua ugali kubwa, meza bila kutafuna. Ugali ukarudi. Ndizi ikarudi. Maji yakarudi kupitia puani, mbele ya watu. Hoteli nzima ikawa madaktari, huyu anasema mpige mgongo, yule mwinue mikono. Baada ya kama nusu saa kitu kikapita, akaweza kunywa maji kidogo kidogo.

"Hii kitu yenu imenichoma," alimwambia Keziah. Keziah karibu alie. Lakini aliyempeleka ni mimi.

Jumatano, 9 Julai

Mwiba bado uko. Tumejaribu ndimu, siki, mayai mabichi, na wali mkavu alioshauri mke wa pasta. Leo kliniki ya hapa Gakindu wamemulika koo kwa tochi, hawakuona kitu, wakampa vidonge vya kupunguza asidi. Nilimuuliza Theuri anausikia wapi hasa. Hakugusa koo. Aligusa kifua, katikati.

Anakula nduma iliyopondwa na supu. Lynn alitaka kujua mock ilikuwaje, Dad alipenda? Alipenda, nikasema. Alipenda sana.

Jumatatu, 14 Julai

Mshipi wake ulikuwa kitandani, nikauona una tundu jipya. Ametoboa kwa msumari. Nilitaka kumtania — karibu nimtanie — kisha nikaona kando yake tundu lingine la msumari, na lingine. Hayo mawili si mapya, yamekwisha kuwa meusi kwa jasho. Nimekaa na huo mshipi mkononi hadi maziwa yakamwagika jikoni.

Mwiba ni wa wiki moja na siku mbili.

Ijumaa, 18 Julai

Keziah amenivuta nje ya staffroom. "Mwalimu, mimi nimelelewa na samaki. Mwiba haikai wiki mbili. Ama inashuka ama inatoboa mtu, na angekuwa amelazwa saa hii. Mpeleke Nyeri." Kisha akauliza kama kabla ya Sagana alikuwa anakula vizuri.

Nilikasirika. Nilimwambia yeye ndiye alitupeleka huko. Akaniacha niseme yote.

Sasa nimeanza kukumbuka, na sitaki. Pasaka alilowesha mkate kwenye chai, wakati wote. Kwenye ruracio, sherehe ya mahari, ya binti wa jirani yetu Gathoni, mwezi wa nne, mafungu yake yote ya nyama aliwapa wazee wengine, nikadhani ni ukarimu. Hata nilijivunia! Watu thelathini walimwona hali chochote, na mimi mke wake nilimwona mkarimu.

Alhamisi, 24 Julai

Nyeri. Wameingiza kamera kooni. Nilingoja kwenye benchi nikisoma orodha ya Lynn kwenye simu kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kusoma. Siku ya tatu mchana, mkate wa mofa na mchuzi wa papa. Nimeisoma hiyo sentensi labda mara mia.

Daktari ni kijana, mpole. Alisema hakuna mwiba. Kuna uvimbe umebana njia ya chakula, amekata kipande kidogo kipelekwe maabara.

"Daktari, angalia tena," Theuri akasema. "Iko. Mimi ndiye niko nayo."

Daktari akaniangalia mimi. Nikaangalia sakafu.

 Tukirudi nyumbani Mukurweini alipitia kwa agrovet kununua dawa ya kahawa, akabishana kuhusu bei kama kawaida yake. Nilitamani abishane hata mpaka jioni.

Alhamisi, 31 Julai

Saratani. Nimeliandika, sasa limo humu. Saratani ya umio, hiyo njia ya chakula, na imefika kwenye ini.

Daktari alieleza polepole. Upasuaji hapana. Kuna kifaa kama spring ndogo, wanakiingiza pale palipobana ili njia ifunguke, uji na vyakula laini vipite. Nikauliza kitamponya? "Hapana, mama. Hicho si cha kuponya. Ni cha kula." Anayekiweka huja mara chache. Nafasi iliyopo ni Jumatano tarehe 6, saa mbili asubuhi. Ikipita, mwisho wa Septemba. Nilimuuliza kama Septemba Theuri atakuwepo. Alizipanga zile karatasi zake upya, ingawa zilikuwa zimepangika.

Tarehe 6. Ndege yetu.

Hata sikuuliza swali, Theuri alikuwa na jibu. Tunaenda Lamu. Hawa madaktari wa huku hawajui samaki, wao kila kitu ni saratani, mtu akiumwa na kidole ni saratani. Kule watu wanazaliwa wakiwa na miiba mdomoni, mzee yeyote atautoa kwa dakika mbili. Amefikiria jambo hili kwa siku nyingi, naona. Amelipanga vizuri kuliko nilivyowahi kupanga somo.

Nilimwambia hakuna mwiba, Baba Lynn. Nilisema mara moja tu.

"Kama hakuna mwiba," alisema, "basi ni nini?"

Na alikuwa chumbani mle mle daktari akisema!  

Jumapili, 3 Agosti

Ameniapisha nisimwambie Lynn. Mtoto akijua ataacha kazi, atakuja kukaa hapa kumwangalia mtu mwenye mwiba. Nikaapa. Kanisani sikuimba.

Mchana akapiga simu yule mama wa Lamu anayepikia wageni. Sauti tamu, Kiswahili kinateleza, changu nilikionea haya. Anataka kujua mambo ya Jumatano jioni. "Mwalimu, karibuni sana. Na huyo mzee wetu, tumtilie pilipili ama hapendi? Anapenda kaa, ama nimchomee changu?" Theuri alikuwa amekaa mbele yangu na kikombe cha uji uliochujwa, ule ule wa saa mbili asubuhi, umefanya ngozi juu.

Nikasema anapenda vyote. Pilipili kidogo.

"Inshallah atashiba," akasema.

Nilipokata simu Theuri aliuliza changu ni nini. Samaki, nikamwambia. Akatikisa kichwa, akarudia jina taratibu, changu, kama mtu anayetaka kulikumbuka.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepiga hospitali kuuliza kama kesho inaweza kusogezwa. Haiwezi. Nikasema asante.

Nimepakia. Thamosi mbili za uji mwembamba, kitambaa cha kuchujia, taulo, koti lake. Yeye amepiga viatu rangi tangu mchana. Tangu saa sita maji hayapiti. Anayashika mdomoni, halafu anatoka nje, anarudi akipangusa ndevu. Anadhani sijui anakokwenda.

Keziah alikuja. Akasimama mlangoni akaona begi. "Mwalimu. Hapana." Nikamwambia hajawahi kuniomba kitu, huyu mtu. Miaka yote mimi ndiye mwenye kuomba — simenti, karo, tangi la maji. Hili moja. Keziah alisema basi hata kama ni hivyo, mwambie mtoto. Mwambie tu mtoto. Nikamkumbusha nimeapa. Alinikumbatia, akaenda zake bila hata kunywa chai.

Sijui kama namwachia kwa sababu nampenda ama kwa sababu nimechoka. Nikijua nitaandika.

Jumatano, 6 Agosti

Sagana. Saa mbili na dakika ishirini. Niko ndani ya gari.

Tumetoka mapema kwenda uwanja wa ndege na Musembi, dereva wa teksi, mwenyeji wa Machakos, mwenye maneno mengi. Hapa akasimama, njaa inamuuma. Akageuka nyuma. "Sasa wazee wangu, mnakula wapi? Hapa ndio kuna chakula, mbele huko ni barabara tu."

"Nyinyi kuleni," Theuri akasema. "Mimi nitakula nikifika."

Musembi akaona ni mzaha, akacheka. Akaenda kununua chapati.

Saa mbili ilitupita njiani na sote wawili tuliiona kwenye saa ya gari.  Simu yangu iliita, namba ya hospitali, nikaiacha. Ikaita tena. Halafu akaita Lynn, na kabla sijaamua Theuri akaichukua mkononi mwangu, akaweka speaker.

"Dad! Mko wapi? Mmekula breakfast?"

"Tumekula. Tumeshiba."

"Kula kidogo tu, uache nafasi. Lunch ni ile ya juu, mbele ya bahari. Dad? Mbona sauti iko hivyo?"

"Ni baridi."

"Hiyo si baridi. Dad, ongea tena. Sema kitu."

Akafungua mdomo. Nikaona akimeza, akijaribu kumeza, na mate hayakwenda. Yakatoka kando ya mdomo mpaka kwenye kola ya shati jeupe. Hakuyapangusa. Alinirudishia simu kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyompa mwenzake kikombe kilichojaa, halafu akageuza uso dirishani.

Hakusema usimwambie. Nimengoja aseme. Hajasema.

"Mum? Mum, kuna nini?"

Nimemwambia Lynn anipe dakika moja. Simu iko mapajani, bado iko hewani, namsikia akipumua. Naandika kwa sababu mdomo haujafunguka na mkono unaweza. Musembi amerudi na chapati zake kwenye gazeti. Ameona shati la Theuri, ameona uso wangu, amezima redio. Ananiuliza mimi, kwa sauti ya chini, mwalimu, tunaenda mbele ama tunageuza?

Theuri amefunga mkanda. Daftari naliweka chini. Lynn —