Mwambie Mama Achemshe Maziwa

Nyuma ya Uwanja,
Kinoru, Meru.
14 Julai 2025

Mpendwa ndugu yangu Abdijabar,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Oslo, wewe, mkeo Leylo na watoto, na kwamba jua la huko hatimaye limekumbuka kazi yake. Sisi tu hai. Sitaandika kwamba tu wazima, maana nitakuwa nimeianza barua kwa uongo.

Naandika kwa kalamu, kisha nitazipiga picha kurasa hizi nikutumie leo hii. Kwenye simu hunipi nafasi. Nikipandisha sauti unasema, "Abaayo, dada yangu, tulia," na mara mtandao wenu unakatika. Karatasi haikatiki.

Mama amezidiwa. Ile picha ya uti wa mgongo niliyokutumia tulipotoka hospitali kule Embu, uliijibu kwa neno moja: pole. Basi nikueleze alichosema daktari. Maumivu ambayo Mama aliyaita uzee ni brusela, ule ugonjwa wa mifugo, na imetafuna pingili mbili kama dumuzi anavyotafuna mahindi ghalani. Mguu wa kushoto umeanza kufa ganzi. Anatakiwa ameze dawa kila siku kwa miezi mitatu bila kuruka, na maziwa mabichi yakome. Akiacha, huenda asisimame tena. Na ugonjwa ukifika kwenye moyo, hatutakuwa na mtu wa kubishana naye juu ya maziwa.

Wewe unayajua haya kuliko sisi sote, ndiyo masomo yako. Ulipokuja likizo ulinieleza hapa hapa jikoni, sufuria na vikombe vyangu vikiwa mfano wako. Ulisema seli askari ya mwili humkamata bakteria, ikammeza na kumfungia katika kifuko ili amwagiwe tindikali. Bakteria wengi huishia hapo. Huyu wa brusela hutoboa ukuta wa kifuko kwa mrija mwembamba, akapitisha protini zake, na protini hizo huwashika watumishi wa seli mmoja mmoja: wewe usilete tindikali, wewe nisogeze kule ndani penye chakula, wewe usiite wenzako. Seli inatii! Inamjengea chumba, naye anazaana humo. Ndiyo maana dawa ya siku chache hutuliza homa tu, na mwenyewe anabaki ndani amejifungia.

Nimegombana kwa barua zangu magazetini na wanasiasa, na wauza mizizi, na hata mashehe. Sijawahi kukutana na dhalimu wa aina hii, anayeingia nyumba ya watu na kuwafanya wenyeji wawe vibarua wake. Na sisi tunamletea riziki kila asubuhi kutoka Isiolo, maziwa ya ngamia ndani ya madumu ya plastiki, kwa gari la binamu yetu Isak. Nimemwomba Isak aache. Anasema hawezi kumnyima shangazi yake chakula alicholelewa nacho. Mpumbavu mwenye moyo mzuri ni hatari kuliko adui.

Kajuju, jirani yetu aliye muuguzi, alikuwa akija kumdunga Mama sindano. Siku moja alimwambia, "Shosho, hata sisi Wameru tulikunywa ya ng'ombe bila kuchemsha. Wengine wetu tuliwazika."

"Nyinyi mnachemsha kwa sababu mnataka chai," Mama akamjibu. "Maziwa ya ngamia yakichemshwa ni maiti. Na huyu hapa," akaninyooshea kidole, "maziwa hayo ndiyo yaliyompa hizo kelele zake. Mbona hayakumuua?"

Kajuju alicheka mpaka akaweka sindano chini. Mimi sikucheka.

Wiki iliyopita niliyachemsha kwa siri. Nikayapoza, nikayatia kwenye kibuyu nilichokifukiza moshi kama yeye mwenyewe alivyonifundisha, ili yanukie anavyopenda. Alipiga funda moja, akanitazama.

"Umeyaua," akasema, "kisha ukaniletea yamevaa nguo za walio hai."

Tangu siku hiyo hapokei kitu mkononi mwangu, hata vidonge. Anasema aliyemdanganya kwa maziwa atamdanganya kwa dawa. Kajuju naye amefukuzwa, eti sisi ni chama kimoja. Unajua anavyotuita "hooyo" sisi wanawe, kama mama zetu wote wanavyowarudishia watoto jina hilo la mama. Sasa ananiita Shurie, kama ninavyoitwa na wateja dukani. Sijutii nilichofanya, ningefanya tena. Lakini nimeshindwa, Abdijabar. Vidonge viko mezani na mguu unazidi kulala.

Anapotaka kunimaliza kabisa anakutaja wewe. "Abdijabar anasomea wadudu hawa Ulaya, naye aliniambia ninywe." Ulimwambia kweli, nilisikia. Ilikuwa kabla ya kipimo, na ulisema kwa mapenzi. Basi sasa unajua, na bado kimya. Unazijua protini za bakteria kwa majina yake, lakini unamwogopa mwanamke mmoja wa miaka sabini! Elimu hiyo umeiweka kwa ajili ya nani?

Isak anakusalimu, na Kajuju pia. Mpe Leylo salamu zangu, uwabusu watoto. Za Mama siwezi kukuletea, maana hajui kwamba naandika. Mola akulinde, na aufanye ulimi wako kuwa mwepesi leo.

Ukimaliza kusoma, usinipigie mimi. Mpigie yeye baada ya adhuhuri, akiwa bado kwenye mkeka wake wa kuswalia. Atanilaumu. Unajua sijawahi kumwachia mtu hoja maishani mwangu, lakini hii mpe yote. Mwambie mimi ni mwongo tangu utotoni. Mwambie kweli niliyaua maziwa yake. Kisha mwambie wewe, kwa kinywa chako, kwamba mabichi basi, na ameze vidonge. Na usikate simu mpaka usikie maji yakishuka kooni mwake.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata nikikufokea,
Shurie