Tumekubali Mkopo wa Shule, na Bado Hatuna Paa

Koboko, Jumamosi, Mei 1993

Mvua imenyesha tangu alfajiri na bado inanyesha. Nimerudi nyumbani na matope mpaka magotini, sauti imenikauka, na nina hasira ambayo hata chai ya tangawizi haijaweza kuishusha.

Leo wazazi walikuwa wapige kura juu ya mkopo wa shule.

Niliandike jambo lenyewe lilivyo, maana nikija kulisoma mwakani nitadhani niliota. Wilaya, kule Arua, imekubali kukopa benki ili shule zetu zijengwe upya. Sisi tungepata madarasa yenye mabati badala ya haya maturubai tuliyofunga juu ya kuta zilizobaki baada ya vita. Tungepata na uwanja wa michezo uliosawazishwa, wenye magoli na sehemu ya netiboli. Wazazi wangelipa kidogo kidogo kila muhula. Ila lazima wakubali wenyewe, mkutanoni, mbele ya afisa wa elimu. Wasipokubali, mabati yanakwenda kwa wengine.

Rahisi, sivyo? Hata mimi nilidhani hivyo.

Mimi ni mwalimu wa michezo. Acha niungame hapa ambapo hakuna anayesoma: kila mtu anasema madarasa, madarasa, nami naitikia kwa kichwa, lakini moyo wangu uko uwanjani. Uwanja wetu ni mashimo na vichuguu. Wasichana wangu wanafanya mazoezi barabarani, njia ileile ya malori yaendayo mpakani. Mpira ukitoroka, napuliza filimbi na kufumba macho.

Basi afisa akaja na gari lake kutoka Arua, akaketi, akaeleza vizuri. Wazazi walikuwa wamejaa darasani mpaka nje. Nikasema moyoni, leo mambo yatakwisha kabla ya saa sita.

Wapi!

Kwanza waligombana lango la shule litazame barabara au litazame msikiti. Kisha jina la ukoo gani liandikwe ukutani. Kisha mzee mmoja akataka kujua kama wasichana watacheza wamevaa kaptula, na hilo nalo likala muda wake. Watu wa nyuma wakaanza kuchomoka mmoja mmoja, wengine sokoni, wengine makwao kuwahi mvua kubwa. Asubuhi nzima tulibishana juu ya lango la shule isiyo na uzio.

Halafu akasimama Sajini Taban, mwenyekiti wa wazazi. Ni mwanajeshi wa zamani, siku hizi ana bucha. Akisema jambo, wengi hulifuata.

"Hii mukopo iko muzuri," alisema. "Lakini darasa imejaa watoto ya wakimbizi. Kesho vita ya Sudan inaisha, wao wanarudi kwao. Deni inabaki na sisi. Kwa nini?"

Watu wakapiga makofi. Nusu ya timu yangu ni watoto hao, na mama zao walikuwa wamekaa palepale, wanasikia. Nilitafuta neno la kusema, sikulipata. Hilo nalo limeniuma.

Aliyelipata ni Mama Keji, anayeuza karanga za kusaga sokoni. Alivuka mpaka kutoka Sudan na wanawe vita vilipofika kwao, upande wa Yei, kulekule tulikokimbilia sisi wa Koboko miaka ile vita vyetu vilipotufukuza. Hakupaza sauti.

"Sajini, ile mwaka ya kukimbia, wewe ulilala wapi?"

Mama Keji hakungoja jibu.

"Ulilala Yei. Binti yako Asha alisoma na mutoto yangu, benchi moja. Paa ilikuwa ya nyasi, na sisi ndiyo tulikata ile nyasi. Hakuna mutu aliuliza nyinyi mutarudi lini." Akajifunga kitenge upya. "Mimi nitalipa. Siku naenda kwetu, siwezi kubeba mabati kwa kichwa. Itabaki na nyinyi."

Mtu mmoja akacheka, kisha wote wakacheka. Sajini hakucheka. Aligeukia mlangoni, nikaogopa atatoka. Badala yake akainua mkono wake kabla ya yeyote. "Tupige kura," alisema.

Mikono ikainuka mpaka pembeni kabisa. Machozi yalinilenga, nikajifanya napenga kamasi.

Na hapo ndipo afisa alipohesabu vichwa, akasema kura haifai.

Haifai! Kanuni inataka zaidi ya nusu ya wazazi wote wawepo, na waliochomoka wakati wa lile lango walikuwa wengi mno. Nikamuuliza mkutano mwingine utakuwa lini. Akajibu, "Ofisi itawajulisha."

Sajini hakungoja nimalize kulalamika. Alitoka mbio mvuani, mzee yule na goti lake bovu, akaelekea sokoni anagonga vibanda na kuita watu kwa sauti ya kwata. Mama Keji akamfuata, yeye anaita kwa Kibari na Kiarabu cha Juba, lugha za wakimbizi wenzake. Nilimsihi afisa asubiri kidogo tu. Akatazama mawingu, akasema barabara ya Arua ikizidi kuloa haipitiki, akapanda gari akaondoka.

Walirudi na umati. Watu wameloa chapachapa, wengine bado wameshika bidhaa zao. Wakakuta kiti kitupu.

Sijawahi kukasirika hivi tangu turudi nchini.

Wakapiga kura vilevile, bila afisa, na hakuna hata mmoja aliyekataa. Mwalimu mkuu akasema inapendeza lakini haina maana. Sajini akamwambia ina maana, ila haijafika Arua tu.

Kwa hiyo Jumatatu tunaipeleka. Lori linalobeba karanga za Mama Keji lina nafasi: yeye, Sajini na mimi, na wazazi wengine watakaoweza kupanda. Tutakaa kwenye baraza ya ofisi mpaka afisa atoke atuambie siku ya mkutano, na siku hiyo mimi mwenyewe nitasimama mlangoni, mtu asichomoke.

Je, nitaweza kuongea naye bila kupiga kelele?

Sidhani. Wala sioni kwa nini nijaribu.