Miungu ya Plastiki, na Eda Yangu

Zuwena, mtu aliyefiwa hapelekwi kuonyeshwa midoli. Umesoma mpaka Uchina, hilo hukufunzwa? Nakuandikia hapa kwenye kundi la ukoo wasome na wenzio, maana ukisemwa kwa mdomo unacheka.

Leo Jumatano. Guangzhou mvua ya vuguvugu, nguo hazikauki. Mimi sisikii baridi wala joto.

Mume wangu kazikwa Tanga Ijumaa. Kwetu maiti haingoji ndege. Niliposhika simu walikuwa wameshamwosha. Nikamaliza wali wangu, nikaosha sahani.

Sijalia.

Kila anayenipa pole namjibu siondoki mpaka mzigo wangu wa biashara upakiwe melini. Basi leo mjukuu wangu huyu, Zuwena, akanitoa, ati nipunge upepo, tukaishia mtaa wa Yide Lu kwenye midoli ya jumla. Bosi wa duka akapanga miungu ya Wagiriki wa kale mezani, Zuwena akaanza kunisomesha. Zeus radi na mbingu. Poseidon bahari. Hera ndoa.

"Wamegawana kama mirathi," nikamwambia. "Na mkubwa kajichukulia juu, kama kaka yangu na nyumba ya baba."

"Walipiga kura, Bibi."

"Na yeye alisema hivyo hivyo."

Nikauliza yule mwenye mabawa miguuni.

"Hermes. Wa wafanyabiashara, wasafiri, na wezi."

"Wote hao mmoja?"

"Na ndiye anayewasindikiza wafu."

Nikamshika. Mwepesi, mshono umempita katikati ya uso. Mungu ni mmoja, sihitaji mdoli anifunze. Lakini nilisimama pale kama gogo. Biashara na safari nimezifanya umri wangu wote. Kumsindikiza mume wangu ndiko kulikonishinda. Bosi akadhani nangoja bei, akanisogezea kikokotoo. Nikakirudisha.

Eda haikaliwi sokoni. Mjane hukaa ndani kwa mumewe, nami naranda madukani napima midoli.

Mzigo si sababu. Nikikaa chumbani mwetu kule Tanga, itakuwa amekufa kweli. Nikiwa huku, bado yuko barazani anagombana na redio.

Sasa nisikilize, Zuwena. Mzigo simamia wewe, na ukipakiwa vibaya tutajuana. Asubuhi nikatie tiketi, unifikishe uwanja wa ndege wa Baiyun kwa treni, sitaki teksi. Na mpigie mjomba wako sasa hivi: shuka za kitanda cha baba yake zisifuliwe mpaka nifike.