Ukuta Mweupe

Dada yangu mpenzi,

Barua yako imenikuta kitini, na bado nipo hapo hapo. Nyonga inaunga kwa mwendo wa kobe, ila mdomo haukuvunjika, kwa hiyo usihofu.

Uliuliza habari ya kibali changu cha mstaafu cha kuishi huku. Kwa kuwa siwezi kutoka, uhamiaji walimtuma mama mmoja aje kunipiga picha nyumbani. Picha yao inataka ukuta mweupe, na kuta zangu zimegeuka manjano kwa moshi wa sigara. Alizunguka sebule nzima, mwisho akaitungua picha ya marehemu wifi yako. Nyuma yake palikuwa peupe kama siku tuliyohamia.

“Simama hapa, mzee,” akasema. “Usicheke.”

Wala sikuwa na nia hiyo.

Kibali kimeongezwa mwaka. Alipokwisha kwenda ndipo nikaona ameiacha picha sakafuni, uso umeelekea ukutani. Daktari amenikataza kuinama, na jirani anayeniletea chakula haji mpaka kesho.

Unasema nirudi kwetu, nimebaki peke yangu. Dada, yeye amelala huku. Kaburini sijafika tangu nianguke, nikawa najipoza kwa ile picha. Leo nimepewa mwaka mzima wa kukaa karibu naye, na nimeshindwa hata kumgeuza anitazame.

Wasalimie watoto. Waambie kinachouma ni nyonga tu.

Kaka yako