Kompyuta ya Chekechea Inauma

Jumanne, saa kumi na moja jioni. Upepo wa Same leo umeamka na hasira, vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria ya chai. Mkono wangu wa kulia bado una ganzi, kwa hiyo herufi zangu, ambazo hata siku nzuri hazinyooki, leo zimezidi ubaya. Naandika kwenye daftari. Mjukuu wangu Upendo, anayefanya kazi kwenye duka la intaneti pale stendi, ndiye anayenipelekea kwenye blogu. Upendo, mama, andika kama nilivyosema. Usinipambe.

Naogopa.

Sijawahi kuliandika neno hilo. Shamba la mkonge lilipouzwa kwa mwenye fedha zake, tukapunguzwa wote siku moja, watu wazima walilia pale getini. Mimi sikulia. Waulizeni. Leo ndiyo naogopa.

Wanaonijua wanajua mimi ni mlinzi wa chekechea, mfagiaji, na fundi wa kila kinachovunjika. Mwezi uliopita zilikuja kompyuta tatu, mitumba kutoka ng'ambo, kama mashati tunayovaa siku hizi. Masanduku ya bati yenye televisheni juu. Mwalimu Naomi alitaka kumwita fundi wa umeme kutoka Moshi. Nikacheka. Nikamwambia, mwalimu, mimi nimekaa miaka kumi na tisa kwenye mitambo ya mkonge, umeme nimekula nao sahani moja, fundi wa nini? Akaniamini.

Sasa niseme. Kule shambani nilikuwa natia grisi. Nyaya walishika wengine. Mimi niliwaangalia.

Nikaunga waya mrefu wa kuzigawia umeme zote tatu. Ndani mlikuwa na nyaya tatu, na plagi niliyopata sokoni ina miguu miwili tu. Ule wa kijani na njano, ambao mafundi huuita wa ardhi, nikauona hauna pa kwenda. Nikaukata. Nikaona nimetumia akili kweli.

Halafu ukaja mgao wa umeme, siku zikapita mashine zimekaa kimya na vitambaa juu yake. Leo saa nne asubuhi umeme ukarudi.

Mwalimu ana amri yake: viatu vyote mlangoni, vumbi lisiingie kwenye mashine. Na mimi nina desturi yangu: kabla ya kufagia nanyunyiza maji sakafuni ili vumbi lilale, ndivyo tunavyofagia huku bondeni toka zamani. Kwa upepo wa leo nilinyunyiza mara tatu. Basi watoto ishirini walisimama pekupeku juu ya saruji yenye unyevu, wakipokezana kugusa.

Neema, binti wa jirani yangu, ana miaka mitano na mdomo wa miaka arobaini. Yeye ndiye wa kwanza kuweka mkono juu ya bati, akautoa haraka.

"Babu, inauma!"

"Inauma wapi?"

"Hapa. Kama siafu."

Mwalimu akaniangalia. Pale ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Badala yake nikaenda kifua mbele, nikaweka kiganja chote juu ya sanduku, watoto wakahesabu mpaka kumi. Sikusikia kitu.

"Imelala kama mbuzi aliyeshiba," nikasema. "Anayesema inauma bado ananyonya. Nani hapa bado ananyonya?"

Wakacheka mpaka wakashikana. Wakamzomea Neema, "Mnyonyaji! Mnyonyaji!" Naye akarudisha mkono wake palepale, macho yamemjaa maji, wala hakusema tena. Hakuna mwingine aliyesema.

Mchana, walipokwisha kwenda nyumbani, nilikaa kizingitini kutoa mwiba. Nikavua katambuga zangu, zile za tairi la lori, nilizoingia nazo darasani asubuhi, amri ya mwalimu nikiiona ya watoto. Nikawa nimeishika moja mkononi, naiangalia.

Mpira. Mpira mnene kama kidole.

Wale wa nyaya kule shambani hawakugusa kitu bila mabuti ya mpira. Miaka kumi na tisa niliwaona kila siku ya Mungu.

Nikarudi darasani, nikawasha. Nikasimama pekupeku pale aliposimama Neema, sakafu nimeinyunyizia maji upya. Nikagusa kwa mgongo wa mkono, kama nilivyowaona wao wakifanya.

Inauma.

Ilinipiga mpaka begani. Nikajikuta nimekaa chini. Na huu ni mkono wenye sugu za miaka sabini.

Nitasema yote, maana nimeshaanza. Pale chini, jambo la kwanza nililowaza halikuwa watoto. Niliwaza: nani ameniona? Niliwaza niutoe ule waya kimya kimya, nimwambie mwalimu mashine za mitumba zimekufa zenyewe. Mtaa mzima wananiita Injinia. Nalipenda hilo jina, nilikuwa nikiitwa naitika kabla mtu hajamaliza.

Waya nimeuchomoa, nimeufungia stoo. Lakini ufunguo wa pili anao mwalimu, na kesho saa mbili yeye hufika kabla yangu. Atauona waya, atauchomeka, kwa kuwa Babu Mbazi amepima mbele ya watu akasema salama.

Lakini kinachoniogopesha zaidi ni ule ukimya. Watoto kumi na tisa waligusa baada ya Neema. Wangapi waliumwa wakameza, wasiitwe wanyonyaji? Mashine ingemshika mmoja wao asingelia. Mimi ndiye niliyewafundisha kunyamaza, tena kwa nusu dakika tu. Mwalimu huwafundisha kuhesabu mwaka mzima.

Nakwenda kwa mwalimu sasa hivi. Nyumba yake iko karibu na stesheni, nusu saa kwa miguu yangu. Nitamwambia habari ya grisi, na ya waya niliokata, amwite mtu wa Moshi. Akinifukuza kazi, sawa. Akilia, hapo sijui nitafanya nini.

Na kesho nitasimama mbele ya wale ishirini niseme Neema alikuwa mkweli na Babu alikuwa mwongo. Nimejaribu kuisema hapa peke yangu, kwa sauti. Nikifika kwenye neno mwongo, narudi mwanzo.

Watoto wenyewe hata vifungo hawajui kufunga. Watanielewa? Na siku nyingine wakiguswa na kitu kinachouma, watathubutu kuja kuniambia?