Lucy Amefika kwa Njia ya Bagika

Somanda,
S.L.P. 61,
Bariadi.
21 Agosti 1994

Mpendwa mume wangu Dastan,

Mwangaluka. Mhola huko Mtwara? Kifua kimepona, au bado unalala dirisha wazi kama mtu asiye na kwao? Mimi mhola duhu, salama tu. Goti linauma lakini halijanishinda. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe, usiseme bibi kaandikiwa. Kwenye kisomo cha watu wazima sikwenda kusinzia.

Tangu masika hujaandika. Ungekuwa mume wa kweli ningeshakurudisha kwenu.

Sasa kaa chini. Dada yako Lucy amefika kileleni. Kilimanjaro! Juu kabisa, kwenye theluji, siyo pale alipotapika mwaka jana wakamshusha wamemshika mabega.

Unamkumbuka yule mama wa Moshi aliyefungua kampuni ya kupandisha watalii, maana siku hizi serikali imeachia na kila mwenye nguvu anafungua. Alimwambia Lucy: fika juu kwanza, njia chagua mwenyewe, ndipo nikuajiri uongoze wageni. Na baba yako mdogo Anatoli naye akasema, akishindwa tena arudi nyumbani aolewe na Salu wa Bukundi. Wajumbe wa Salu wamekunywa chai kwangu mpaka nikaacha kuweka sukari.

Lucy alipouliza apite wapi, Anatoli akadakia, "Marangu! Fupi, ina vibanda na vitanda." Na wewe msomi, kwenye barua yako ya masika, ukaandika hivyo hivyo. Lucy mwenyewe alitaka Machame, ile ndefu ya kulala kwenye mahema. Alisema mchana unapanda juu, kulala unashuka chini kidogo, na kichwa kinazoea. Mimi mlima ule siujui hata rangi. Nilichojua ni kwamba kwenye ngoma Anatoli ni Mgalu na mimi ni Mgika, makundi mawili yasiyopikika chungu kimoja. Mgalu akisema fupi, mimi nasema ndefu. Imekwisha.

Basi Somanda ikagawanyika kama siku ya mashindano ya ngoma. Bagalu wote Marangu, Bagika wote Machame. Hata Hamimu mwenye duka, ambaye si Msukuma na ngoma zetu anaziona kelele tu, nilimwambia achague upande, la sivyo mafuta ya taa nitanunua kwingine. Akachagua Machame. Anatoli akaapa mbele ya watu: Lucy akifika kwa njia ya Bagika, yeye atacheza upande wetu, na wajumbe wa Bukundi atawarudisha kwa mdomo wake mwenyewe.

Alhamisi simu ikaita dukani kwa Hamimu. Nikaenda mbio na unga mikononi.

"Lucy! Umefika au umefikishwa?"

"Nimefika bibi, kwa miguu yangu."

"Hukutapika?"

"Kidogo."

"Hiyo usimwambie Anatoli."

"Na kazi nimepata, bibi."

Nilipiga kigelegele humo humo kwenye simu, Hamimu akaziba masikio.

Leo baada ya kanisa Anatoli amecheza. Shangazi yako Ng'washi alimfunga njuga mwenyewe, akakaza. Alicheza vibaya, mguu wa Kigalu kwenye ngoma ya Kigika, watu wakalia kwa kucheka. Katikati akasimama, akafuta uso, akasema, "Lakini huyo aliyefika ni mtoto wa kaka yangu." Nikamwambia, "Usituletee ukoo saa hizi. Cheza!"

Wewe nawe usidhani umepona kwa kuwa uko mbali. Njuga nimezitundika ukutani, zinakungoja likizo. Na umwandikie dada yako umwambie ulikosea, kwa maneno hayo hayo, usizungukezunguke.

Ng'ombe mweusi amezaa jike. Nimemwita Machame. Anatoli akipita zizini nalitaja jina kwa sauti.

Nisalimie mke mwenzangu Justina, mwambie akuongezee ugali. Shangazi Ng'washi anakusalimu, Hamimu pia, na Anatoli anakusalimu akiwa ametia miguu kwenye beseni la maji ya moto. Mungu akulinde na kifua chako, akupe na mkono mwepesi wa kuandika.

Wajumbe wa Bukundi wamesharudishwa, ila nasikia Salu hajakata tamaa. Akija tena nitampa chai, safari hii na sukari, nimwambie Lucy yuko juu, aende akamwulize mwenyewe. Njia ni Machame.

Ni mimi nikupendaye hata ukikosea njia,

Bibi yako Felisita, Mgika