Kidole Gumba cha Jossy

Alban, usinipigie simu, nakuandikia.

Leo baani, kwenye mkutano wa kurudishiana kondoo waliopotea milimani, kaja kijana wa matangazo kutoka mjini. Eti anatufundisha kuhusu brand, yaani chapa ya biashara: "Brand ni upendo!"

Upendo! Nikasimama. Nikamwambia, kijana, neno hilo lenu brand lilizaliwa motoni. Mwanzo lilimaanisha kijinga cha moto, kisha upanga, kisha chuma cha kumchomea mnyama alama. Hata wezi walichomwa alama kwenye kidole gumba. Chapa za sabuni zenu na viatu vyenu zimekuja juzi tu! Nikakitia chuma changu cha zamani cha kuchomea alama kwenye moto wa baa, waone.

Watu wakacheka. Dinah Fearon hakucheka. Kondoo wake dume alikuwa amemkuta kwa mfugaji mwenzake Jossy Tyson, alama yake kwenye pembe imechomwa ikafutika, na juu yake imepigwa ya Jossy.

Alban, alimtandika Jossy kwa bilauri ya bia! Jino likaruka, damu hadi ukutani. Akamlaza mezani, goti kifuani, akachomoa chuma changu motoni. Chekundu!

"Mchukue kondoo wako, Dinah! Mchukue!" Jossy akalia.

"Kondoo ninaye. We mzee, kidole kipi? Cha kulia au cha kushoto?"

Ananiuliza mimi! Vinyweleo vya mkono wa Jossy tayari vinanuka kuungua.

"Dinah, nilidanganya," nikasema. "Hakuna mwizi aliyechomwa kidole. Nimetunga."

"Mwongo mkubwa we!" Akakishindilia chuma mezani, kando kabisa ya kidole.

Miaka yote nakulisha uongo, Alban. Leo, kuhusu vidole vya wezi, nilisema kweli tupu, na nimeikana mbele ya baa nzima.